Huo si uzee tu

Mwaka 2010 kundi la madaktari na wauguzi lilipita katika vijiji sita vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, likiwatafuta wakazi wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Watanzania walikuwa wakishirikiana na wenzao wa Uingereza, na walichokitafuta kilikuwa hakijahesabiwa vijijini kwetu: ni wazee wangapi wanaishi na demensia, hali ambayo majumbani tunaiita kusahau, kuchanganyikiwa, kurudia utoto, au kwa kifupi, uzee.

Shida ilianzia kwenye kipimo chenyewe. Vipimo vya kumbukumbu vinavyotumika sana duniani vilitungwa na wasomi kwa ajili ya watu waliopita shuleni. Mgonjwa huambiwa achore saa ya ukutani na mishale yake, atoe saba kwenye mia moja, atoe tena saba kwenye jibu, aandike sentensi. Mpe kipimo hicho bibi wa Machame aliyelea migomba na kahawa maisha yake yote bila kushika kalamu, atashindwa tangu mwanzo, na ubongo wake ni mzima kuliko wa mpimaji.

Kutokana na kazi hiyo ya Hai kikatengenezwa kipimo kifupi cha vipengele sita, kinachojulikana kwa jina la IDEA. Mzee husomewa maneno kumi ayashike, kisha baadaye anatakiwa kuyataja. Huambiwa ataje wanyama wote anaowafahamu ndani ya dakika moja. Huulizwa leo ni siku gani na kiongozi wa hapo kijijini ni nani. Halafu mpimaji anatoa kiberiti. Anapanga njiti chache mezani zikawa na umbo fulani, anampa mzee njiti nyingine na kumwambia apange vilevile. Hapo hakuna anayeweza kusingizia kutosoma, maana njiti ya kiberiti kila mmoja ameishika. Mwenye ubongo mzima anapanga huku anaendelea na mazungumzo. Aliyeanza kuugua anaishika njiti, anaitazama ile ya mpimaji, anaiweka kichwa chini, anaiondoa, anaangalia tena. Anajua kuna kosa, ila haoni liko wapi.

Katika uchunguzi ule wa 2010 walipimwa wazee 1,198. Hesabu ziliporekebishwa kulingana na umri, wenye demensia walikuwa 6.4 kati ya kila 100, kiwango kisichopishana sana na cha nchi tajiri. Ule usemi kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu wanaotupa wazazi wao kwenye nyumba za kulelea wazee ulipaswa kuishia hapo, lakini haukuishia. Bado nausikia kwenye misiba, na wanaousema ni watu wenye shahada.

Duniani kote, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya milioni 55 wana demensia na karibu milioni 10 wapya huongezeka kila mwaka. Zaidi ya 6 kati ya kila 10 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Idadi inakua kwa sababu watu wanaishi miaka mingi zaidi, na baada ya miaka 65 uwezekano wa kuugua huongezeka takribani mara mbili kwa kila miaka mitano inayopita. Hata hivyo umri ni hatari, na hatari ni jambo moja, ugonjwa ni jambo lingine. Wako wazee wa miaka 95 wanaokukumbusha deni lako la mwaka juzi.

Kila mtu husahau. Umeingia chumbani ukasimama katikati, hujui ulifuata nini. Jina la mtu limekukwama mchana kutwa, likajileta lenyewe usiku wa manane. Hayo ni ya kawaida na huongezeka na miaka. Linalotakiwa kukushtua ni lingine. Mama aliyepika pilau miaka arobaini anasimama mbele ya sufuria na hajui kati ya kitunguu na mchele kipi kinatangulia. Mzee aliyekuwa mweka hazina wa chama cha ushirika anapewa chenji dukani, anaigeuzageuza mkononi, halafu anampa muuza duka achague. Babu anauliza kama watoto wamerudi shule, unamjibu, baada ya dakika tano anauliza tena, na tena. Hakuudhi kwa makusudi. Kwake, kila mara swali hilo analiuliza kwa mara ya kwanza.

Ugonjwa unaosababisha demensia kwa wengi, kama asilimia 60 hadi 70, unaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari wa Kijerumani Alois Alzheimer. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, alimpokea mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, aliyekuwa akisahau, akimshuku mumewe na kushindwa kuandika jina lake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akakuta umesinyaa, una madoa ya uchafu kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua madoa hayo ni protini iitwayo amiloidi, na zile nyuzi ni protini ya tau. Tunajua pia jambo ambalo Alzheimer hakulijua: mabadiliko hayo huanza kujijenga miaka 15 hadi 20 kabla dalili ya kwanza haijaonekana. Anayeanza kupotea njia akiwa na miaka 72, ubongo wake ulianza kuugua angali mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, anakwenda kazini, anasomesha.

Sehemu inayoshambuliwa mapema, hipokampasi, ndiyo inayopokea mambo mapya na kuyahifadhi. Ya zamani yamekwisha kuhifadhiwa kwingine. Ndiyo maana bibi anaweza kukusimulia Desemba ya 1961, siku ya Uhuru, alivaa nini na alisimama na nani, lakini hakumbuki kama asubuhi amekunywa chai. Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Husema: mbona ya zamani anayakumbuka yote, huyu anajisahaulisha ili asilipe, au anatafuta kubembelezwa. Nimesikia watu wazima wakimgombeza mama yao kwa hoja hiyo, na mama ananyamaza kwa sababu kosa lenyewe halijui.

Aina nyingine hazianzi na kusahau kabisa, na hizo ndizo zinazoleta balaa kubwa zaidi katika jamii zetu. Iko inayoitwa demensia ya miili ya Lewy, ambayo mgonjwa huona watu wasiokuwapo: watoto wageni wamekaa kwenye kochi, paka chini ya kitanda, marehemu mumewe kasimama mlangoni. Anawaona wazi, anawakaribisha, anaagiza waletewe maji. Usiku anapiga kelele na kurusha mikono akiwa usingizini. Iko pia inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo mara nyingi huwapata watu wa kati ya miaka 45 na 65. Huyo kumbukumbu zake ziko sawa. Kinachoondoka ni haya na busara. Mwalimu mstaafu mwenye heshima zake anaanza kutukana hadharani, anavua nguo uani, anamaliza kiinua mgongo kwa wiki chache, anacheka msibani.

Sasa wapeleke watu hao wawili kijijini ambako hakuna aliyewahi kusikia neno demensia. Bibi anazungumza na watu wasioonekana. Anatoka usiku wa manane, anakutwa kwenye uwanja wa jirani hajui amefikaje, pengine khanga imemvuka. Asubuhi mtoto wa jirani anaamka na homa.

Katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi kwa miaka mingi, na mara kwa mara wanaotuhumiwa kuhusika ni ndugu zao wa damu, nyuma yake kukiwa na shamba. Huko Ganze, Kaya Godoma imegeuka kimbilio la wazee waliookolewa. Upande wetu, Shinyanga na mikoa jirani imebeba sifa mbaya ya kuua vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi jikoni. Sisemi kila aliyeuawa alikuwa na demensia. Tamaa ya ardhi haihitaji ugonjwa wa mtu. Lakini anayeuita ugonjwa huu uzee tu aelewe kwamba maelezo hayo hufika mahali yakaisha. Uzee hauelezi kwa nini bibi anaongea na marehemu saa tisa usiku, na pale maelezo ya uzee yanapoishia, ya uchawi yanakuwa yanasubiri mlangoni.

Kabla sijaendelea, niseme la haraka, maana huenda likaokoa mtu wiki hii. Mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, hiyo si demensia. Jana alikuwa mzima, leo hajui yuko wapi, anaweweseka, ana usingizi mchana na usiku hatulii: mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji, au damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka bafuni wiki mbili zilizopita. Hata kwa anayesahau polepole, yako yanayotibika yenye sura ileile: tezi ya shingoni kufanya kazi chini ya kiwango, ukosefu wa vitamini B12, sonona, VVU, kaswende. Na ziko dawa. Vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, vile vinavyouzwa kila duka la dawa bila swali, huvuruga akili ya mtu wa miaka 75 kwa namna ambayo kijana haielewi. Vidonge vya usingizi ni hivyohivyo. Kusanya kila anachomeza, hata vya mitishamba, vitie kwenye mfuko, uende navyo kwa daktari.

Turudi Hai, kwa sababu kuna namba nyingine iliyotoka kule ambayo kwangu ni nzito kuliko ile ya 6.4. Watafiti walipowapima wazee wa wilaya hiyo shinikizo la damu, takribani 7 kati ya 10 walikuwa na presha ya kupanda. Wengi hawakujua. Na kati ya waliojua, waliokuwa wakitumia dawa ikashuka ipasavyo walikuwa wachache mno.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Oksijeni hiyo hufika kupitia mishipa mikubwa ya shingoni, inayogawanyika hadi kuwa myembamba kuliko unywele. Presha ikikaa juu miaka kumi, mishipa ile midogo hukakamaa, kuta zake hunenepa, njia husinyaa. Mingine huziba kabisa na kijisehemu cha ubongo hufa. Mwenyewe hajui. Hakupooza mkono, hakupinda mdomo. Labda alisikia kizunguzungu siku ile akasema ni jua. Viharusi vidogo vya namna hiyo vikishajikusanya, ndipo mtu huanza kuwa mzito wa kufikiri, kushindwa kupanga mambo, kuchukua muda mrefu kujibu. Kwa wengi vinaungana na Alzheimer iliyokwisha kuanza, na mizigo miwili inakuwa juu ya ubongo mmoja.

Tatizo la presha ni kwamba haiumi. Unakutana na baba wa miaka 52, anakwambia ana vidonge vyake ndani, anameza akisikia kichwa kinagonga. Mwingine alimaliza dozi ya mwezi, akapimwa, ikawa imeshuka, akashukuru Mungu na kuacha. Mwingine shekhe au mchungaji kamwombea. Mwingine ameambiwa na jirani kwamba dawa za presha zinaua nguvu za kiume, na hilo ndilo linaloacha vidonge vingi makabatini kuliko umaskini, ingawa hakuna atakayelitamka mbele ya muuguzi. (Akilitamka, atabadilishiwa dawa. Ziko aina nyingi.)

Ushahidi kwamba kushusha presha kunaulinda ubongo sasa si wa kubahatisha. Nchini Marekani, utafiti wa watu zaidi ya 9,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea ulilinganisha walioshushwa namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 na walioachwa chini ya 140. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kundi la kwanza lilipata upungufu wa asilimia 19 katika upotevu wa kumbukumbu ule wa awali, unaotangulia demensia. Lakini utafiti unaonifurahisha zaidi ni wa China, uliotoka mwaka 2025. Vijiji 326, watu karibu 34,000, na waliofanya kazi hawakuwa mabingwa wa hospitali za rufaa. Walikuwa wahudumu wa afya wa hapohapo kijijini, waliofundishwa kupima, kutoa dawa za bei nafuu kwa utaratibu ulioandikwa na kufuatilia nyumba kwa nyumba. Baada ya miaka minne, demensia ilikuwa imepungua kwa asilimia 15 ikilinganishwa na vijiji vya utafiti huo vilivyobaki na huduma ya kawaida. Mashine ya kupimia presha, vidonge vya kawaida, na mhudumu anayejua mlango wako. Hakuna kitu humo ambacho Hai au Kilifi haziwezi kuwa nacho, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao.

Jopo la wataalamu la jarida la Lancet, likiongozwa na Profesa Gill Livingston wa London, lilitoa mwaka 2024 orodha ya mambo 14 ambayo kwa pamoja yanahusishwa na karibu asilimia 45 ya demensia yote duniani, yaani ile ambayo kinadharia ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Presha imo, na kisukari, uvutaji sigara, unene, kolesteroli mbaya, pombe nyingi, kukaa bila kufanya mazoezi na sonona. Hayo mmeshayasikia redioni. Napenda kusimama kwenye yale yanayopitwa.

Masikio. Katika nyumba zetu mzee asiyesikia huanza kwa kupigiwa kelele, kisha huchoka kuuliza, kisha wenziwe huchoka kumjibu. Mwisho anakaa sebuleni kati ya watu kumi na hazungumzi na yeyote. Ubongo usiopata sauti hunyimwa kazi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2023 uliowapa wazee vifaa vya kusaidia kusikia ulionyesha kwamba, kwa kundi lenye hatari kubwa zaidi, kudhoofika kwa akili kulipungua kwa karibu nusu ndani ya miaka mitatu, japo kwa wazee wenye afya njema tofauti haikuonekana. Kifaa ni ghali, nakubali. Lakini kabla ya kifaa kuna nta iliyojaa masikioni, na hiyo husafishwa zahanati. Macho nayo ni vivyo hivyo: mtoto wa jicho anaondolewa kwa upasuaji mfupi, mara nyingine bure madaktari wanapofanya kambi mikoani, na bado tuna wazee wanaokaa gizani miaka sita kwa kuogopa kisu.

Kichwa kilichogongwa. Bodaboda wa leo ni mgonjwa wa miaka ya 2050. Kofia ngumu inayoning'inia kwenye usukani hailindi chochote, na abiria hata hiyo hana.

Moshi. Hewa chafu ipo katika orodha, na kwetu uchafu huo haumsubiri mtu barabarani, uko jikoni, kwenye kuni na mkaa.

Na shule. Hili ndilo la kwanza kimaisha, maana linaanza utotoni. Mwaka 1986 mtafiti David Snowdon alianza kuwafuatilia masista wa Kikatoliki wa Marekani, 678 kwa jumla, waliokubali kupimwa kila mwaka na kutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kifo. Masista walikula chakula kimoja, hawakunywa pombe kupita kiasi, walikuwa na kazi na mazingira yanayofanana, kwa hiyo tofauti zao zilisema jambo. Mmoja, Sista Mary, alifariki akiwa na miaka 101, akiwa anafaulu vipimo vyote. Ubongo wake ulipofunguliwa ulikuwa umejaa madoa na nyuzi za Alzheimer. Ugonjwa alikuwa nao, dalili hakuwa nazo. Wataalamu huita hiyo akiba ya ubongo: aliyeutumikisha ubongo wake tangu utoto kwa kusoma, lugha, kazi na watu, huwa na njia nyingi za kupita, hata mojawapo ikizibwa. Mabibi wengi waliokosa kalamu walikosa na akiba hiyo. Ninapoona msichana wa darasa la sita anatolewa shule akalee mtoto wa dada yake mjini, najua ukoo huo unaandaa mgonjwa.

Akiba huendelea kuwekwa ukubwani, na hapa sina haja ya programu za simu zinazouzwa kwa jina la mazoezi ya ubongo. Mtu anayekaa barazani akacheza bao, akahesabu kete za mwenzake hatua nne mbele, akabishana kuhusu bei ya samaki na kukosoa khutba ya Ijumaa, anaufanyisha ubongo kazi na papo hapo hayuko peke yake. Upweke wenyewe umo katika ile orodha ya 14. Wanaoniogopesha ni wanaume wanaostaafu. Miaka 35 ofisini, marafiki wote wa kazini. Siku ya kuagwa anapewa godoro na jokofu, halafu kesho yake hana pa kwenda. Mkewe ana kikoba, ana kwaya, ana shughuli za watu. Yeye ana televisheni.

Zipo pia chupa. Kwenye stendi za mabasi na mitandaoni wanauza dawa za kuongeza kumbukumbu, nyingi zikiwa na majani ya ginko kwa jina au kwa picha. Ginko ilikwisha kupimwa kwa haki: wazee zaidi ya 3,000 wa Marekani, wenye miaka 75 na kuendelea, matokeo yakatangazwa mwaka 2008. Waliomeza ginko walipata demensia sawa na waliomeza kidonge kisicho na kitu. Fedha ya chupa moja inatosha kupima presha na sukari ya familia nzima.

Kuhusu dawa za hospitali, tuseme kweli. Donepezil, iliyoanza kutumika mwaka 1996, huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda. Lecanemab na donanemab, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024, huondoa amiloidi ubongoni na kupunguza kasi ya ugonjwa kwa walio katika hatua za mwanzo, kwa kiasi kidogo, kwa dripu, na kwa kupigwa picha za ubongo mara kwa mara kwa sababu zinaweza kuuvimbisha au kuuvujisha damu. Haziponyi. Kwa gharama yake na mashine zinazohitajika, kwa sasa si habari ya Hai.

Habari ya Hai ni nyingine, na ni ya matumaini kidogo. Baada ya kupima, watafiti walirudi na tiba isiyo na kidonge. Ilibuniwa Uingereza, ina vikao 14, na wao waliitengeneza upya ilingane na maisha ya mlimani. Wazee wachache wenye demensia ya mwanzo au ya kati hukutana, wanaimba, wanazungumza kuhusu chakula, mazao, watoto, wanashika vitu na kuvitaja, wanatupiana mpira. Kanuni yake kubwa ni kuomba maoni badala ya kuuliza maswali ya mtihani. Ukimuuliza bibi jana alikula nini, umemfedhehesha. Ukimuuliza kati ya ndizi mshare na ndizi ng'ombe ipi inafaa mtori, umempa kiti chake. Walipopimwa baadaye, akili zao zilikuwa zimechangamka kuliko walipoanza, na wasiwasi umepungua.

Kanuni hiyohiyo hufaa nyumbani. Kuna nyumba ninayoijua mjini Tanga. Bibi wa pale, kila ikikaribia magharibi, alikuwa akivaa baibui, anachukua kikapu na kuushika mlango: anataka kwao. Yuko nyumbani kwake, nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Wanawe walikuwa wakimwonyesha picha ukutani, wakimshika mikono, wakifunga mlango kwa kufuli, na kila jioni iliishia kwa kilio. Aliyelipatia dawa ni mkamwana wake. Siku moja alivaa naye, akamwambia, “Haya mama, twende nikusindikize.” Wakatoka. Bibi akaanza kusimulia kwao, Pangani, mnazi uliokuwa mbele ya nyumba, mama yake alivyokuwa akiwaita. Mkamwana anaitikia, anauliza, hakatai wala hasahihishi. Wakazunguka mtaa mzima, wakarudia nyuma ya msikiti, wakafika mlango uleule. “Tumefika, mama. Karibu ndani.” Bibi akaingia, akavua baibui, akaomba chai. Tangu hapo ndiyo ratiba yao. Wanawe wengine walimwambia yule dada kwamba anamdanganya mama. Mimi naona yeye peke yake ndiye aliyekuwa akimsikiliza.

Lakini mkamwana huyo aliacha biashara yake ya mihogo ya kukaanga, na hakuna aliyekaa kikao cha familia kuijadili. Mzigo wa demensia hubebwa na mwanamke mmoja katika ukoo, huku wengine wakituma pesa ya sabuni na ushauri kwenye kundi la WhatsApp. Kikao kiitwe mapema, na kiwe cha zamu zilizoandikwa: nani analala na bibi Ijumaa na Jumamosi, nani anampeleka kliniki, nani anamlipa dada wa kazi. Hospitali za serikali zina dirisha la wazee. Kitambulisho cha matibabu kwa mzee asiye na uwezo huanzia ofisi ya mtaa au kijiji.

Kikao hichohicho kizungumze mali, tena akiwa bado anaelewa. Wosia uandikwe akili ikiwa timamu, mbele ya mashahidi, kwa sababu ulioandikwa baada ya hapo utapingwa mahakamani na mtu atashinda. Namba ya siri ya simu ya mzee isijulikane na kila mjukuu. Wapo wazee ambao pensheni yao huingia asubuhi, na ikifika adhuhuri salio limebaki shilingi mia nne, na wao wenyewe ndio wanaoambiwa wamesahau walivyoitumia. Hati ya shamba itolewe chini ya godoro, ikakabidhiwe kwa watu wawili wasioelewana sana, ili mmoja amchunge mwenzake.